Paka Kila Usiku, Osha Kila Asubuhi

Mdogo wangu alianza kukoroma kabla hajaota ndevu. Nasema ninachokijua, maana tulilala chumba kimoja tukiwa watoto, kitanda changu huku, chake kule, na katikati shuka kuukuu lililogeuzwa pazia. Mama yetu alikuwa akigonga ukuta kutoka chumba cha pili: "Mgeuze huyo!" Nainuka, namgeuza, ananyamaza kama redio iliyozimwa. Nikirudi kitandani tu, anaanza upya. Nilimgeuza hivyo mpaka nilipoolewa. Siku ya harusi yangu watu walilia kwa sababu zao mbalimbali, mama alilia akiuliza, "Sasa huyu nani atamgeuza?"

Mkoromo wenyewe haukunitisha. Kilichonitisha ni kimya. Alikuwa akikoroma, akikoroma, halafu ghafla basi, kifua hakipandi wala hakishuki, na mimi nimeketi nimeshika pindo la pazia namsubiri. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, na safari inaendelea. Asubuhi ukimwuliza hakumbuki kitu. Watu wazima walisema ni uchovu wa kucheza.

Alipokua akawa fundi wa msumeno. Karakana aliyoingia akiwa kijana ndiyo aliyo nayo mpaka leo: banda refu la mabati, magogo yamelazwa uani, na katikati ya banda ule msumeno mkubwa wa duara. Kazi yake ni kulisukuma gogo lipite kwenye meno yale, litoke upande wa pili likiwa mbao. Ukisema hivyo unaona rahisi. Mimi nimesimama pale. Kelele peke yake inakutoa machozi. Yeye huusikiliza msumeno kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mtoto. Ukibadilisha sauti kidogo tu, anajua mbele kuna kifundo, au kuna msumari uliomezwa na mti zamani, anapunguza mkono. Vidole vyake vyote anavyo, na kwa mafundi wa msumeno hicho ndicho cheti.

Wenzake wanamwita Ngurumo. Wageni hudhani ni kwa ajili ya msumeno. Si msumeno. Ni ile saa ya mapumziko ya mchana, akijilaza juu ya maranda, mbwa wa karakana wanahama.

Mkewe alifariki binti yao angali mdogo, akamlea mwenyewe. Mimi nilikuwa jirani, nyumba chache kutoka kwake, nikamwambia niletee mtoto nimsuke. Hakutaka. Alijifunza kusuka, na mistari ya kichwani aliipima kwa lile bati la pembe mraba la maseremala. Mtoto alikwenda shule nywele zimenyooka kama amepigiwa rula. Walimu walisimama kutazama. Basi huyo ndiye mdogo wangu. Sitaki mtu amcheke kabla hajamjua.

Binti akakua, akaolewa, akahamia mji mwingine, akamwachia baba yake paka. Dume, rangi ya kutu, kichwa kikubwa, mkia mnene. Jina lake Mheshimiwa. Lilimfaa, kwa sababu huingia bila kubisha hodi, hukalia kiti kizuri kuliko vyote, na hakuna anayeweza kukuonyesha kazi aliyowahi kuifanya. Panya wa nyumba ile walimpita mbele ya pua naye anawatazama kama mtu anayekagua gwaride. Binti akipiga simu, salamu zake zilikuwa hivi: "Baba hujambo, Mheshimiwa kala?" bila kupumua katikati.

"Baba yako hajala," mdogo wangu humjibu.

"Wewe unajua kufungua sufuria, baba. Yeye hajui."

Miaka ya karibuni usingizi ukaanza kumfuata mchana. Analala usiku mzima, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Alisinzia kwa kinyozi, akaamka ndevu alizozifuga hazipo. Alisinzia kwenye posa ya binti yake mwenyewe, amekaa wima, uso umekunjamana. Wageni wakadhani baba mtu amekasirika, wakazidisha adabu, na kikao kile kilikwenda vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria. Tukacheka. Lakini ikaja siku ya mkono wa shati.

Siku hiyo alikuwa msumenoni kama kawaida, gogo liko katikati, macho yake yakafumba. Hakuanguka, hakukoroma, alifumba tu, kama mtu anayekumbuka jambo. Mbao ikaenda upande. Meno yakashika mkono wa shati lake na kuutafuna mpaka karibu na kiwiko kabla kijana anayeitwa Kipara hajauzima mtambo. Ngozi haikuguswa. Lile shati nililiona. Lilikuwa kama limetafunwa na mbuzi.

Tajiri wao ni mtu wa maneno machache. Akamwambia mbele ya wote, "Ngurumo, toka hapo." Baadaye akamwita pembeni. "Sikufukuzi. Lakini msumeno siwezi kumpa mtu anayelala huku amesimama. Nenda kwa daktari. Daktari akiniandikia kwamba umepata nafuu, utaukuta hapa hapa. Kwa sasa ataushika Kipara."

"Na mimi?"

"Wewe shika ufagio."

Nilipita karakanani siku chache baadaye, nikamkuta anafagia unga wa mbao chini ya miguu ya Kipara, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Hakuniona. Anafagia mistari iliyonyooka. Nilirudi nyumbani bila kumsalimia, kwa kuwa nilijua nikimsalimia atalazimika kunijibu, na sauti yake siku hiyo sikutaka kuisikia.

Basi nikampeleka hospitali mwenyewe. Mtaa ukasema anakwenda kwa daktari wa usingizi, na wengine wakaja kumuaga wakidhani anapasuliwa. Hakupasuliwa. Walimlaza huko, wakambandika nyaya kichwani na kifuani, wakamtazama anavyolala. Kesho yake daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akatuita.

"Mzee, pumzi yako inakatika ukilala," akasema. "Koo linajifunga, hewa haipiti. Mwili unashtuka, unavuta hewa, unalala tena, halafu inakatika tena. Usiku kucha. Wewe hulali, unapigana."

Nikamwambia, "Daktari, hayo mimi nayajua toka yeye hajaanza shule."

"Na hukumleta?"

"Wakati huo nani angemleta wapi? Dawa yake ilikuwa kumgeuza."

Akacheka, akasema kumgeuza nako si vibaya, lakini sasa upo msaada mwingine. Ndiyo tukapewa mashine. Ni kiboksi kama redio ndogo, kinatia hewa ya vuguvugu kwenye bomba laini refu, na bomba linakuja kwenye barakoa unayovaa puani. Hewa inasukuma, koo halifungi, mtu analala. Ndani yake mna kitu kinachokumbuka ameivaa muda gani kila usiku. Daktari akasema, "Ni ya hospitali, tunakuazima. Vaa kila usiku. Tutaonana, nitaisoma. Ikinionyesha unalala nayo, nitamwandikia tajiri wako. Isiponionyesha, siwezi kudanganya. Msumeno si kiti cha kusukia mkeka."

Nesi akatufungia vitu vyote mfukoni: mashine, bomba, barakoa, na tyubu moja ndogo. Nesi huyo huongea kama bomba lililopasuka. Alieleza kila kitu kwa mara moja, mdogo wangu akitikisa kichwa, na tulipofika mlangoni nikamwuliza, "Umeelewa?"

"Mashine ni mashine, dada," akanijibu. Fundi ukimwuliza kama ameelewa mashine, umemtukana.

Alipoivaa mara ya kwanza nilikuwepo. Alionekana kama tembo aliyechomekwa mkonga kwenye redio. Akampigia binti yake simu ya picha. Binti akapiga ukelele: "Baba! Unakwenda vitani?" Kisha akauliza, "Mheshimiwa anasemaje?"

Mheshimiwa alikuwa juu ya kabati, manyoya yamesimama, anaitazama mashine ikipumua. Usiku wa kwanza alikaa hukohuko. Mdogo wangu alilala. Asubuhi alinijia macho meupe, ngozi imekunjuka, akasema, "Dada, hivi ndivyo watu wanavyolala? Miaka yote hii mlikuwa mnalala hivi mkaninyamazia?"

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Furaha ile haikufika mbali. Barakoa ilimchubua, akatoka kidonda kidogo ubavuni mwa pua. Na Mheshimiwa akagundua kwamba hewa ya bomba ina joto, akashuka kabatini. Alianza kwa kulalia bomba. Bomba likilaliwa na paka wa uzito ule hewa inabana, mtu anaamka. Mdogo wangu akampigia nesi simu wakati wa mapumziko, akiwa pale pale karakanani. Jioni akanipitia, uso umetulia.

"Nimempigia nesi. Nimemweleza shida zote mbili, pua na paka. Kanipa masharti."

"Masharti gani?"

"Ya kawaida tu. Usafi."

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza hiyo siku, tungeokoa mengi, lakini yeye alikuwa na njaa na mimi chakula kilikuwa motoni.

Tangu siku hiyo mambo yakaharibika kabisa. Yule paka aliyekuwa akilalia bomba, sasa akawa analilamba. Akilamba, analitafuna. Bomba nalo likawa linachomoka kwenye mashine hovyo, linarukaruka kitandani likipuliza hewa kama nyoka mwenye mafua, na Mheshimiwa analifukuza juu ya tumbo la mwenye nyumba. Mdogo wangu anaamka, anachomeka bomba, anamshusha paka, anavaa, analala, linachomoka tena. Mwisho anaitupa barakoa pembeni, na kile kimya cha utotoni kinamrudia. Mikononi alikuwa na michubuko; nikadhani ni mbao.

"Mfungie nje huyo paka," nikamwambia.

"Siwezi, dada. Masharti."

"Masharti ya nani? Ya binti yako?"

"Ya nesi."

Nikasema moyoni, elimu imekwenda mbele sana.

Tulipoitwa hospitali, daktari aliisoma mashine, akavua miwani. "Mzee, huu mtambo unaniambia unaivua kila usiku. Siku za mwanzo ulilala vizuri. Kisha nini kilitokea?"

"Paka," mdogo wangu akasema.

"Mweke nje."

Nikamwona anamtazama daktari kwa huruma, kama mtu anayejua kwamba ofisi mbili za serikali moja hazijaelewana.

Daktari akasema, "Nakuongezea mwezi mmoja. Kuna wagonjwa wengine wanaingojea mashine hii. Mwezi ujao isipokuwa na habari njema, nitaichukua, na tajiri wako sitakuwa na la kumwandikia." Naye tajiri, alipopelekewa habari, alijikuna kidevu tu na kusema kwamba hawezi kumweka Kipara njia panda milele. Mwezi ukiisha bila karatasi, msumeno utakuwa wa Kipara moja kwa moja.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo asubuhi ile nilipompelekea mkate wa moto kabla hajakwenda kazini. Nikabisha, hakuna jibu, nikazunguka uani. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya beseni, amekunja mikono ya shati. Ndani ya beseni, Mheshimiwa. Ameloa, amekonda ghafla kama mwavuli uliofungwa, masikio yamelala, anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe yeyote.

"We! Unafanya nini?"

"Naosha."

"Naona unaosha. Unaosha nini?"

"Paka, dada. Kwani wewe unaona bata?"

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nishikie taulo hiyo."

Nikashika taulo, kwa mshangao. Akamnyanyua, akamfunga kama mtoto mchanga, akaanza kumfuta, naye Mheshimiwa ametoa mguu mmoja nje ya taulo anampiga nao kwa zamu, shavu la kulia, shavu la kushoto. Mdogo wangu amefumba macho anavumilia. Ndipo nilipoelewa ile michubuko.

"Unamwosha hivi tangu lini?"

"Tangu nilipompigia nesi. Kila asubuhi."

"Kila asubuhi! Nesi kakwambia umwoshe paka kila asubuhi?"

"Ndiyo masharti yenyewe. Unadhani mimi napenda?"

Nikavuta kigoda nikakaa. "Mdogo wangu, hebu niambie alivyosema. Neno kwa neno."

Akajinyoosha kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Kumbukumbu nzuri ni ya ukoo wetu, hilo silifichi. Akasema: "Karakana ilikuwa inapiga kelele, mashine ya randa iko nyuma yangu, lakini haya niliyasikia vizuri. Kasema, 'Paka kila usiku kabla hujavaa barakoa. Kidogo tu, pembeni. Asubuhi osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu. Kausha kwa taulo. Usianike juani.'"

"Usianike juani?"

"Ndivyo alivyosema. Hata mimi nilishangaa. Nikasema, huyu nesi ananionaje? Nani huanika paka?"

"Na hilo la usiku umelifanyaje?"

"Namchukua, namweka kidogo pembeni yangu, kabla sijavaa. Anakaa vizuri tu. Nikishavaa anahamia kwenye bomba."

"Na pua? Si ulimwuliza habari ya pua?"

"Pua hakuisemea. Nikaelewa kwamba uchafu wa paka ndio unaotia kidonda. Paka akiwa safi, na pua itapona."

Nikaitazama pua. Haikuwa imepona. "Nesi hakukupa dawa?"

"Dawa hakunipa. Alinipa grisi tu."

"Grisi gani?"

Akaingia ndani, akatoka na ile tyubu ndogo tuliyopewa hospitali. Maandishi yake madogo kama mayai ya chawa, tena ya lugha ya ugenini. Alikuwa ameikunja vizuri kutoka chini, kama watu wanaojua kutunza vitu, imebaki kidogo sana.

"Grisi ya mashine," akasema. "Kila mtambo unakuja na grisi yake. Hii naipaka kwenye maungio ya bomba, huku na huku, na inayobaki naipaka bomba zima lisipasuke. Naipaka kila..."

Akanyamaza.

Nikamtazama. Neno lilikuwa limemrudia mdomoni, analionja.

"Naipaka," akarudia polepole. "Naipaka kila usiku." Akaitazama tyubu. Akamtazama paka, aliyekuwa amekaa juani, ametugeuzia mgongo, anajilamba kwa hasira. "Dada. Paka kila usiku."

"Kidogo tu," nikamwambia. "Pembeni. Pembeni ya pua."

Akakaa chini, pale pale kwenye maji.

Tulimpigia nesi, nikaishika simu mimi, maana yeye alikuwa bado amekaa kwenye maji. Nikamweleza tangu mwanzo. Upande wa pili nikasikia kitu kinaanguka, kisha sauti ya nesi anawaita wenzake, "Njooni! Njooni msikie!" Aliporudi kwenye simu alikuwa analia.

"Mama, samahani, naomba samahani. Hivi huyo paka yu hai?"

"Yu hai, na ni msafi kuliko sisi sote."

"Jamani. Mimi nilisema ile dawa apake puani usiku, na asubuhi aoshe barakoa na bomba! Mpira ukianikwa juani unapasuka. Sasa ile dawa aliipeleka wapi?"

"Kwenye bomba."

"Bomba zima?"

"Zima."

"Mama yangu! Ile ni mafuta ya manyoya ya kondoo! Ndiyo maana bomba linateleza linachomoka. Na paka halambi bomba, mama, paka anamla kondoo!"

Mdogo wangu alikuwa anasikia yote. Akasema kwa unyonge, "Kwa hiyo kila usiku nilikuwa nampakulia, halafu asubuhi namwadhibu."

"Ukishamlowesha," nikamwambia, "anatafuta joto, na joto liko kwenye mashine yako. Umemtengenezea ratiba."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilikuwa nimejizuia vya kutosha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na yeye akaanza, mabega yake mapana yale yanatikisika, akicheka na kufuta macho kwa taulo ya paka. Alipomaliza kufuta, macho yalikuwa yanaendelea kutoka maji, na nikaona si kicheko tena.

"Dada, mwezi umebaki nusu," akasema. "Ule msumeno ukienda, mimi nitakuwa nani? Nitazeeka nafagia?"

"Utakuwa mdogo wangu," nikamjibu. "Lakini leo unaliosha bomba, na mimi nasimamia."

Tuliliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likakaushwa, likatundikwa kivulini. Nesi akatuletea tyubu nyingine akipita kwenda kazini, kwa sababu alitaka, alisema, kumwona huyo mgonjwa wake wa pili. Mheshimiwa hakutoka kumpokea. Alikuwa amehama. Siku ile ile aliruka ukuta akaja kwangu, akalala juu ya nguo zangu zilizopigwa pasi, na mdogo wangu alipokuja kumchukua, paka alimwangalia kama mdai anavyomwangalia mdaiwa, akageuka ukutani.

"Mheshimiwa, nisamehe," mdogo wangu akamwambia, amepiga magoti kwenye sakafu yangu, mtu mzima mwenye mvi. "Nilikosea neno."

Paka akaanza kujilamba mkia. Na binti, aliposimuliwa kwa simu, alikaa upande wa paka. "Baba, umemwosha kila siku? Siku za baridi pia?"

"Kwa maji ya vuguvugu," mdogo wangu akajitetea.

Alilala peke yake basi, pua imepakwa, bomba halitelezi. Nilikuwa nikipita asubuhi kumtazama uso tu, siulizi. Uso ulikuwa unafunguka. Kidonda kikakauka. Baada ya siku kadhaa Mheshimiwa akaondoka kwangu bila kuaga, nikamkuta kwake ameketi kiti kile kile, kana kwamba alikuwa safari ya kikazi. Usiku alipanda kitandani, mdogo wangu aliniambia, akanusa bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, hakukuta kitu, akalidharau. Akaenda kulala miguuni. Ni mzito, miguu inakufa ganzi, lakini hewa haipitii miguuni.

Tulipokwenda hospitali mwezi ulipokwisha, nilivaa gauni langu zuri. Daktari aliisoma mashine muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Mdogo wangu alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti.

"Kuna kipindi hapa katikati ni vurugu tupu," daktari akasema. "Kisha ghafla, kama mtu mwingine. Unalala, mzee. Unalala usiku wote. Mlifanya nini?"

Akanitazama. Nikamtazama mdogo wangu.

"Tulibadilisha usafi," mdogo wangu akasema.

Nesi, aliyekuwa karibu na mlango, alilazimika kutoka nje.

Daktari akaandika karatasi yake. Akasema mashine abaki nayo, aivae maisha yake yote, na akianza tena kusinzia mchana arudi siku hiyo hiyo, asingoje shati la pili. Akaahidi. Nami nikaahidi kwa niaba yake, kwa sauti, ili kusiwe na ubishi.

Karakanani tulifika kazi haijaanza. Mdogo wangu alitaka niishie getini, sikuishia. Tajiri aliipokea karatasi, akaisoma, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfukoni. Kipara alikuwa amesimama kando ya msumeno na glavu mkononi. Nilikuwa na hofu na uso wa kijana yule. Amezoea kiti, nani anapenda kushuka? Lakini yeye alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mzee Ngurumo, njoo uchukue balaa lako," akasema. "Mimi hili dude linanisema mpaka ndotoni. Sijui linataka nini."

"Linataka usilisukume," mdogo wangu akamwambia. "Kaa hapa karibu, usikilize."

Tajiri akamtazama usoni, macho kwa macho. "Jana ulilala?"

"Nililala, tajiri."

"Nikwambie kitu. Siku ile ya shati, mimi nilikwenda nyumbani sikula."

"Najua, tajiri. Nami sikula."

Tajiri akatikisa kichwa, akamwashiria mwenye swichi. Msumeno ukaanza kunguruma, ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa sauti moja nyembamba inayoingia kwenye meno. Mdogo wangu alisimama mbele yake bila kugusa kitu, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Wote wakamngoja. Kisha akaweka mikono kwenye gogo, akalisogeza. Katikati sauti ikabadilika. Hata mimi niliisikia. Akapunguza mkono, akangoja, akapita kile kifundo taratibu, mbao ikaanguka upande wa pili imenyooka.

Tajiri akageuka akaniona bado nipo. "Mama, nenda kapumzike, kazi imeanza."

"Naona," nikamwambia, na sikuondoka mpaka mdogo wangu alipoinua mkono kuagiza gogo la pili.